Gemu Linalokumbuka



Kila likizo nikirudi nyumbani nakutana na swali lile lile, ila linaulizwa na watu wa aina mbili. Mama mmoja wa jumuiya yetu huuliza akishangaa: "Frateri, na wewe unacheza magemu?" Vijana wa VIWAWA wao huuliza kwa hamu: "Frateri, safari hii umemaliza gemu gani?" Yule mama nilimjibu kwa Mtakatifu Tomaso wa Akwino. Katika Summa Theologiae anazungumzia pia michezo, na humo anaeleza kwamba roho huchoka kama mwili unavyochoka, hivyo inahitaji kupumzishwa, na kwamba mtu asiyejua kabisa kucheza wala kufurahi na wenzake naye ana kasoro. Mama akacheka, akaniambia nisimletee mambo ya Kilatini. Nikamwongezea Mtakatifu Carlo Acutis, yule kijana aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15 na kutangazwa mtakatifu na Papa Leo XIV tarehe 7 Septemba 2025. Carlo alikuwa na PlayStation, na inasimuliwa kwamba alijiwekea saa moja tu ya kucheza kwa juma. Nikiwatajia vijana hiyo saa moja, huwa wanabadilisha mada haraka sana.

Basi leo nawajibu vijana. Likizo hii nimemaliza matatu: Undertale, Red Dead Redemption 2 na Celeste. Sikuyachagua kwa mpango wowote, niliyapata kwa kuazima kwa marafiki. Lakini nilipolimaliza la tatu niliona kwamba yote yalikuwa yananiuliza swali moja, na ni swali ambalo najua wengi wenu mnalo, hata msiogusa gemu kabisa: jambo lililokwisha kutendeka, je, linaweza kufutika?

Nianze na Undertale, kwa sababu ndilo lililonikalisha usiku.

Lilitoka mwaka 2015, na kwa sehemu kubwa ni kazi ya mtu mmoja, Mmarekani Toby Fox. Picha zake ni za kizamani, vijimraba vijimraba, hata laptopu chakavu inaliendesha bila kulalamika. Hadithi yake: mtoto wa binadamu ametumbukia chini ya mlima, katika nchi wanamoishi mazimwi. Kila unapokutana na zimwi unaweza kulipiga, lakini unaweza pia kuongea nalo, kulitania, kulisikiliza, na mwisho kubonyeza kitufe cha huruma ukaliacha liende. Gemu zima linaweza kumalizika bila kuua hata mmoja. Kwa mtu aliyekulia kwenye vibanda vya gemu, ambako anayesita ndiye anayekufa kwanza, hiyo peke yake ni habari mpya.

Mwanzoni kabisa unapokelewa na Toriel, zimwi la kike lenye sura ya mbuzi. Anakulea kama mama. Anakupikia pai, anakuandalia chumba. Ukitaka kuondoka anasimama mlangoni kukuzuia, kwa sababu anajua huko nje utauawa, na hapo inabidi mpambane. Kumwacha hai kunawezekana, ila gemu linakuficha njia: lazima uchague huruma tena na tena, hata pale inapoonekana haifanyi kazi. Wachezaji wengi huishiwa subira, wanaamua kumdhoofisha kidogo tu, na pigo moja linamwua. Sasa mchezaji mzoefu hufanya nini? Anafanya alichofundishwa na kila gemu tangu utotoni. Anazima, analodi pale aliposevu, anarudi mlangoni, na safari hii anamwacha Toriel hai. Mambo safi, anasonga mbele.

Mbele kidogo kuna ua la njano lenye uso wa mtu, linaitwa Flowey. Linamcheka. Linamwambia linajua: ulimwua, roho ikakusuta, ukarudi nyuma ili isionekane.

Nilisimama pale nikiangalia skrini kwa muda. Gemu lilikuwa linaandika. Ulifuta, lakini lenyewe halikufuta.

Na kuna kubaya zaidi. Wapo wanaoamua kuua kila kiumbe mpaka mwisho, mara nyingi kwa udadisi tu, waone kitatokea nini. Ukifanya hivyo dunia yote ya gemu inaangamizwa. Ukilifungua tena, unakuta giza na sauti ya upepo. Hakuna menyu wala kitufe. Ukisubiri dakika kadhaa unaulizwa kama unataka dunia irudi, na bei yake ni roho yako. Ukikubali, dunia inarudi kama vile hakuna kilichotokea. Unaweza sasa kucheza kwa upole wote, ukamwokoa kila mmoja, ukafika kwenye mwisho wenye furaha kuliko yote. Lakini kwenye sekunde za mwisho kabisa unaoneshwa kwamba furaha ile imeharibika. Ulichouza hukurudishiwa.

Kabla sijaendelea, kitu kidogo kwa wale wanaojiandaa kuungama. Karibu na mwisho wa gemu unapita kwenye ukumbi mrefu wenye mwanga wa dhahabu, na humo anakungoja mifupa mmoja mchekeshaji anayeitwa Sans. Anakueleza maana halisi ya zile pointi na levo. Muda wote ulidhani zinapima unavyokua. Kumbe zilikuwa zinapima mateso uliyowasababishia wengine, na jinsi kufanya hivyo kulivyokuwa kunazidi kuwa rahisi kwako. Mimi sijapata kuona utafiti wa dhamiri ulioelezwa vizuri hivyo kwa mtoto wa miaka kumi na tano. Ni mangapi tunayohesabu kama mafanikio, wafuasi, ujanja, umaarufu darasani, ambayo tukigeuziwa upande wa pili tunakuta majina ya watu tuliowakanyaga?

Kijana mmoja wa kidato cha sita ameniruhusu nisimulie habari yake, mradi nisimtaje wala nisitaje alipo. Alikuwa amemaliza Undertale kabla yangu, na ndiye aliyeniazima. Nilipomwuliza amelionaje, alinitumia ujumbe wa sauti mfupi: "Frateri, hili gemu ni noma. Linakumbuka. Kama maisha." Halafu akanyamaza siku mbili. Siku ya tatu alikuja mwenyewe.

Msichana mmoja waliyekuwa wote kwenye kwaya alimwandikia siku moja usiku, akamweleza mambo mazito ya nyumbani kwao, mambo ya baba yake. Alimwamini. Yeye akapiga picha ya skrini ule ujumbe na kuutuma kwenye grupu la WhatsApp la darasa, kwa utani. Baada ya dakika ishirini akafuta kwa wote. Lakini dakika ishirini zilitosha, ilikuwa imeshafika kwenye magrupu mengine. Yule binti aliacha kwaya, na muhula uliofuata akahama shule. Kijana akaenda kuungama. Akapewa maondoleo, akasali kitubio alichopewa. Na hapa ndipo aliponiuliza swali lililonifanya niandike haya yote: "Nilidhani nikitoka pale itakuwa kama haikutokea. Mbona bado imetokea?"

Rafiki yangu, swali hilo ni la zamani kuliko simu zetu na kuliko Kanisa lenyewe. Aristotle, katika kitabu cha sita cha Maadili ya Nikomako, anamtaja mshairi Agathon, aliyesema kwamba kuna jambo moja ambalo hata Mungu amenyimwa: kuyafanya yaliyotendeka yasiwe yametendeka. Tukiwa mwaka wa pili wa falsafa tulibishania jambo hili wiki nzima, mezani na kwenye kufua. Wapo waliosema ni kufuru, Mungu anaweza yote. Lakini Mtakatifu Tomaso anakubaliana na Aristotle. Analeta swali kama Mungu anaweza kufanya kilichopita kisiwe kilikuwepo, na jibu lake ni hapana. Kwamba jambo limetokea na halikutokea kwa wakati mmoja ni maneno yanayojipinga yenyewe, kama kusema pembetatu ya duara. Kisha anaongeza jambo ambalo nilipolisoma mara ya kwanza lilinitia baridi: Mungu anaweza kuondoa uharibifu wote ulio ndani ya mtu, akamponya roho na mwili, lakini hawezi kufanya mtu huyo awe hakutenda dhambi kabisa.

Kwa hiyo kijana wetu alikuwa sahihi. Imetokea. Itabaki imetokea hata siku ya mwisho. Katika maisha hakuna mahali pa kulodi.

Sasa twende kwa Petro, na naomba twende polepole. Katika Injili ya Yohane sura ya 18, usiku wa baridi, Petro amesimama uani kwa kuhani mkuu, anaota moto pamoja na watumishi. Yohane anataja moto huo ni wa makaa. Hapo ndipo anapomkana Bwana mara tatu. Ukienda sura ya 21, Yesu amefufuka, yuko ufukweni alfajiri, ameandaa samaki na mkate kwa ajili ya wanafunzi waliochoka. Na Yohane anataja tena: moto wa makaa. Kwa Kigiriki ni neno moja, anthrakia, nalo katika Agano Jipya lote linapatikana mara hizo mbili tu. Hebu jiweke mahali pa Petro. Anatoka majini, ameloa, amejaa furaha, halafu pua yake inakutana na moshi ule. Harufu ya ule usiku. Na Yesu anamkalisha hapo hapo. Baada ya kula anamwuliza kama anampenda. Mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Ile ya tatu Petro anaumia, Injili haifichi.

Yesu angeweza kufanya kama sisi tunavyofanya tukikutana na mtu tuliyegombana naye: tusizungumzie yale, yamepita, tuseme hayakuwepo. Angempeleka Petro mahali pengine, mbali na moto. Badala yake aliwasha moto mwenyewe. Alirudi mpaka kwenye kidonda, na kila ukano ukapewa pumzi mpya, na kila jibu likapewa kazi: lisha, chunga, lisha. Petro anayetoka pale hajafutiwa chochote. Ni yule yule aliyekana, na kwa sababu hiyo anaweza sasa kukabidhiwa wanakondoo walio dhaifu kama yeye. Ukiufuta ule usiku, unamfuta na mchungaji huyu.

Kulikuwa na mwingine ambaye naye alijuta. Mathayo sura ya 27 inasema Yuda alirudisha vile vipande thelathini vya fedha. Tunapenda kusema Yuda hakujuta, lakini alijuta, na alifanya kama yule mchezaji wa Toriel: alikwenda pale pale biashara ilipofanyika akataka kuirudisha nyuma. Makuhani wakuu walimjibu kwamba hilo haliwahusu, na hata wangekubali, isingebadilisha kitu, Yesu alishakamatwa. Sisemi neno juu ya hatima ya Yuda. Kanisa halijawahi kutangaza jina la mtu yeyote kwamba yuko motoni, na mimi frateri sitaanza leo. Nasema tu kwamba alitafuta kufuta, na alipoona haiwezekani hakubaki hai mpaka alfajiri ya samaki na mkate.

Na Bwana mwenyewe alifufuka na madonda. Jumapili ya pili ya Pasaka huwa tunamshangaa Tomaso, lakini tushangae na mikono aliyooneshwa. Mwili wa utukufu, unaopita milango iliyofungwa, bado una alama za misumari. Baba angeweza kumwinua bila kovu.

Narudi kwa kijana. Nilimwambia dhambi yake imesamehewa kweli, na asiirudie kuiungama kila juma kama mtu anayebonyeza kitufe kisichojibu. Lakini Katekisimu, namba 1459, inaeleza kwamba maondoleo yanaondoa dhambi bila kutengeneza kila kilichovurugwa na dhambi hiyo, na kwamba anayeweza kurekebisha madhara anapaswa kurekebisha: kurudisha kilichoibwa, kurudishia jina zuri aliyechafuliwa. Hiyo ndiyo malipizi. Riseti haikudai chochote, ndiyo maana inavutia. Msamaha unakupa kazi.

Alikaa kimya, kisha akauliza kazi gani. Tulizungumza mpaka giza. Alimwandikia kila mtu aliyekumbuka kwamba aliusambaza ujumbe ule, mmoja mmoja, akiwaambia ni yeye aliyeuanzisha, ni makosa, waufute. Wawili walimtukana. Kisha akamwandikia binti barua, ya karatasi, akaipitisha kwa shangazi yake ambaye bado yuko kwaya, bila kujitetea na bila kuomba jibu. Mpaka ninapoandika, hakuna jibu. Nilimwambia binti hana deni la kujibu.

Niseme sasa juu ya Red Dead Redemption 2, nikianza na tahadhari: ni gemu la watu wazima, limewekewa alama ya miaka 18 huko Ulaya, na lina ukatili mwingi. Walio chini ya hapo watanisamehe. Ni Marekani ya mwaka 1899. Arthur Morgan ni jambazi katika genge linalosambaratika, na moja ya kazi zake ni kukusanya madeni ya riba. Anakwenda kwa mkulima maskini anayeitwa Thomas Downes na kumpiga. Mkulima anakohoa, damu inamrukia Arthur usoni. Hakuna mchezaji anayeweza kuikwepa siku ile; gemu halisongi mbele bila hiyo. Saa nyingi baadaye Arthur anaanza kukohoa yeye. Ni kifua kikuu. Downes ameshakufa, mjane na kijana wake wamebaki bila kitu.

Nililipenda kwa sababu halimpi Arthur njia ya kurudi shambani. Kama umeishi kwa heshima kidogo na kuwasaidia waliohitaji, utakutana na mtawa mzee, Sista Calderón, kituo cha treni. Arthur, mtu mkubwa wa bunduki, anamkiri kwamba anaogopa. Sista hamwambii kwamba yaliyopita si kitu. Anamwelekeza kwenye tendo la upendo linalofuata. Kisha ukitaka, unaweza kwenda kumtafuta mjane wa Downes, unampa fedha aanze maisha, na yeye hana sababu yoyote ya kukupenda. Mumewe hafufuki. Arthur haponi. Lakini anakufa akiwa mtu mwingine.

Gemu hili lina upuuzi wake pia. Lina mita ya heshima, na unaweza kumwibia mtu asubuhi, halafu mchana ukawasalimia watu barabarani mmoja baada ya mwingine mpaka mita ikapanda tena. Nilicheka, kwa sababu nawajua Wakristo wanaoishi hivyo, novena moja juu ya dhuluma moja.

Celeste ni fupi, nami nitakuwa mfupi. Ni la mwaka 2018. Msichana anayeitwa Madeline anapanda mlima. Ndani yake kuna sehemu anayoichukia, hofu na lawama zake, nayo inajitokeza kama mtu kamili na kumfukuza. Katikati ya safari Madeline anaamua kuiacha nyuma kabisa, na matokeo yake wanaporomoka wote wawili mpaka chini. Anaanza tena kupanda pale tu anapoacha kukimbia na kuongea nayo, na wakipatana anapata nguvu ya kuruka mara mbili zaidi ya alivyoweza peke yake. Kila kifo chako kinahesabiwa, na gemu linakuambia ujivunie hesabu hiyo, maana ni hesabu ya ulivyojifunza. Yangu ilisoma 2,314 nilipofika kileleni. Namba haifutwi. 

Jumamosi jioni katika parokia nyingi padre anakaa kwenye kiti cha maungamo kabla watu hawajajaa kwa mazoezi ya kwaya. Kama una jambo la dakika ishirini, au la miaka mitatu, huhitaji hotuba. Mwambie tu, "Padre, ni muda mrefu, nisaidie kuanza." Atakusaidia. Na kama kuna mtu uliyemwumiza, mtaje mbele ya padre, umwulize unaweza kumfanyia nini.

Mwombeeni yule binti. Mimi narudi seminari Jumatatu, na laptopu ya watu nimesharudisha.

Frateri wenu